Kaktasi yangu imelainika chini, nifanyeje?

MkaaShangani: Asalaam alaykum. Nina kikaktasi kama kidole gumba, nimekipanda kwenye kikombe cha kahawa, dirishani. Masika haya kimegeuka rangi ya chai huku chini, ukikigusa kinabonyea. Na maji natia Ijumaa tu!

Pwani76: Waalaykum salaam dada. Kikombe kina tundu? Kama hakina, ndiyo maradhi hayo. Kata juu ya palipooza mpaka uone nyama safi, uache kivulini wiki nzima kidonda kikauke, ndiyo upande. Mchanga wa pwani usitie, una chumvi.

MkaaShangani: Hakina, wallahi. Lakini cha seti ya harusi, sikitoboi!

BibiWaChake: Chukua kopo la maziwa mwanangu, litoboe kwa msumari. Na masika maji ya nini, hewa yenyewe mbichi?