Kinamasi chetu kinafukiwa, nianzie wapi?

Ndugu zangu, naomba ushauri. Niko Busia, upande wa Uganda. Kinamasi tunakokata mafunjo tangu enzi za babu kinamwagiwa kifusi usiku, na mwenye malori anasema ana hati. Hati ya kinamasi, jamani! Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema vinamasi vinashikiliwa na serikali au serikali za mitaa kwa niaba ya wananchi wote. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, ananiambia nisubiri kamati ya mazingira ikae. Huu ni mwezi wa pili nasubiri, haijakaa. Je, niandikie bodi ya ardhi ya wilaya, nimwone afisa maliasili, au niende moja kwa moja NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira? Na picha za simu zinatosha kuwa ushahidi? Mvua za Machi zinakaribia, nyumba yangu iko bondeni.