Modemu hadi kompyuta: waya wa LAN, USB au Wi-Fi?

Tausi_Mbezi: Wakuu, habari za jioni. Nahariri video nyumbani, nashusha mafaili makubwa kila siku, na kasi hainiridhishi. Kesho naenda Kariakoo. Nichukue waya mpya wa LAN (ule wa mtandao), adapta ya USB ya kuchomekea waya huo, au nibaki na Wi-Fi?

FundiWaya: Dada, hapo hatuwezi kukusaidia. Umelipia kasi gani? Ukipima unapata ngapi?

Tausi_Mbezi: Samahani. Faiba, Mbps 200 (megabiti kwa sekunde). Kwa waya napata 94, iwe mchana au usiku wa manane. Wi-Fi inacheza kati ya 40 na 120.

FundiWaya: 94 isiyotikisika ni dalili ya Ethaneti (mtandao wa waya) ya Mbps 100. Angalia kwenye mipangilio ya mtandao kasi ya kiungo, yaani kati ya kompyuta na modemu: 100 au 1000?

Nuru_Gongolamboto: Achana na nyaya. Wi-Fi ya 5 GHz, kaa chumba kimoja na modemu, basi.

MzeeBandari: Usinunue kitu kabla hujaukagua waya. Mimi miezi minne nilikuwa nagombana na kampuni ya intaneti. Walikuja mara mbili, wakabadilisha modemu, kasi ni ileile. Siku nahamisha kabati nikakuta waya umebanwa na bawaba ya mlango, ganda limepasuka, kale kawaya ka kahawia kamekatika. Mbps 100 inatumia nyaya nne tu, kwa hiyo mtandao ulikuwa unafanya kazi kama kawaida! Gigabiti, yaani Mbps 1000, inataka zote nane. Nikakata, nikabana kichwa kipya, kiungo kikapanda 1000 palepale.

Kinyonga88: Ukichukua adapta ya gigabiti, iwe USB 3.0. USB 2.0 mwisho wake Mbps 480.

FundiWaya: Yeye ana 200, hiyo 480 inamtosha.

Kinyonga88: Leo 200. Mwakani je?

MzeeBandari: Enzi za modemu za simu za 56K (biti 56,000 kwa sekunde), mlango wa COM, yaani tundu la kompyuta la kuchomekea modemu, tuliuweka biti 115,200 kwa sekunde. Modemu ilikuwa inafungua data iliyobanwa, kwa hiyo kompyuta ilipokea kwa kasi kuliko laini ya simu yenyewe. Mlango ukiwa mdogo, unajinyima mwenyewe.

Nuru_Gongolamboto: Mzee, ile sauti ya kuunganisha bado naisikia masikioni.

Tausi_Mbezi: Nimeangalia, imeandikwa 100. Lakini waya wangu umepita darini, siuoni wote.

FundiWaya: Na tundu la LAN la kompyuta yako ni la gigabiti? Taja modeli.