Sillanpää alipewa Nobel ya 1939 kwa huruma tu? Mimi nakataa

Wakuu, hii hoja mnayoishikilia kwamba Frans Eemil Sillanpää wa Ufini alipewa Nobel ya fasihi kwa sababu tu nchi yake ilikuwa karibu kuvamiwa, mimi siikubali. Najua tarehe zinawabeba. Zawadi ilitangazwa Novemba 10, 1939, Moscow inaibana Ufini itoe ardhi, na Novemba 30 mabomu ya Wasovieti yakaanza kudondoka Helsinki. Stockholm, wanakoamua Nobel ya fasihi, ni jirani, siwezi kusema hawakuliona hilo. Ila jina lake lilishapendekezwa miaka kadhaa kabla, vita yenyewe haijanukia, sasa hapo huruma ilitoka wapi?

Shida mnabishana tarehe bila kugusa kitabu. Chukua riwaya yake Hurskas kurjuus ya 1919. Ufini ndo kwanza imetoka kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1918, Weupe (upande wa serikali na wenye mali) na Wekundu (wasoshalisti, wengi wafanyakazi na maskini wa vijijini), watu zaidi ya 36,000 wamekufa, maelfu kati yao kwa njaa na magonjwa kwenye makambi ya wafungwa, na Weupe ndo wameshinda. Mwaka mmoja tu baadaye, makaburi hayajaota majani, huyu bwana anatoa riwaya ya mzee mmoja wa upande wa Wekundu aliyepigwa risasi, tena anaanza na kifo chenyewe halafu ndo anarudi nyuma hadi utotoni, kwenye ile njaa kubwa ya miaka ya 1860, kutumikishwa majumbani kwa watu, hadi kibanda kwenye ardhi ya tajiri ambayo kodi yake unalipa kwa jasho.

Kilichonishika mimi ni majina. Mwanzoni kabisa unaambiwa huyu mtu ni Jussi, mara Juha, mara Janne, na kwenye daftari la kanisa ni Johan Abraham mwana wa Benjamin. Yaani maisha yake yote watu wamemwita walivyotaka wao! Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwanza. Na mwandishi hakumpamba, mzee ana upara, sura mbaya, hata siasa iliyomuua haielewi vizuri, lakini ukimaliza unamlilia kama ndugu.

Na Sillanpää mwenyewe hakuwa anahadithiwa umaskini huo. Kazaliwa 1888 Hämeenkyrö, wazazi mafukara, akaenda Helsinki kusoma baolojia miaka mitano, 1913 akarudi kijijini bila digrii.

Nakubali moja: iliyomvusha mipaka ni riwaya yake Nuorena nukkunut ya 1931, ya Silja, mtumishi wa ndani anayekufa kwa kifua kikuu, na anayesema imejaa mno maua na jua la kiangazi sitabishana naye sana. Lakini ya 1919? Anayesema ile ni kazi ya kuonewa huruma anitajie ukurasa uliomchosha, tuuchambue hapahapa.