Naomba ushauri: fundo la kroshia "dc" kwenye maelekezo haya ni la Uingereza au la Marekani?

Habari zenu wapendwa. Mimi bado mchanga kwenye kroshia, nina miezi miwili tu tangu dada wa jirani anishikishe sindano. Yeye hufuma kwa kuangalia, hasomi maelekezo, kwa hiyo hapa tumekwama wote.

Nafuma kofia ya mtoto kwa sindano ya milimita 4. Maelekezo yana vifupisho vya mafundo "ch" (chain, yaani mnyororo), "dc" (double crochet) na "tr" (treble) tu, wala hayasemi ni ya nchi gani. Nimeshaelewa kuwa "dc" ya Marekani ni lile fundo refu, unazungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuiingiza, na ya Uingereza ni lile fupi ambalo Wamarekani huliita "sc" (single crochet). Nilianza na la Marekani, kofia ikatoka ndefu kama ya mpishi wa hoteli! Nikafumua yote, nikarudia kwa fupi. Sasa inabana, ingawa huenda ni mkono wangu unaovuta sana uzi.

Je, kukosekana kwa "sc" kunatosha kuonyesha kuwa ni ya Uingereza? Na kama ndiyo, niongeze mafundo au nihamie sindano ya 4.5?

Natanguliza shukrani.