Kanuni zipi zibebe Nairobi yetu ya usiku? Tulinganishe mifumo minne

Makanga_wa_Usiku

Habari zenu wadau. Sisi ni watu saba, tunakutana mtaa wa Umoja Jumamosi moja baada ya nyingine kwa nyumba ya mwenzetu, na kwa miezi minane sasa tumekuwa tukiandika ulimwengu wetu wenyewe wa mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa mezani ambao msimulizi anasimulia, kila mtu anamcheza mhusika wake, na dadu zinaamua. Ni Nairobi, ila ni ile inayoamka matatu ya mwisho ikishatoka steji. Mito mitatu, Nairobi, Mathare na Ngong, ina wenyewe, na wenyewe hao wanadai nauli. Wachezaji ni dere, makanga na watu wao katika gari moja linalobeba walio hai pamoja na waliotangulia. Jina la jiji tumelichukulia kwa uzito: Enkare Nairobi, maji baridi, kama Wamaasai walivyopaita kabla reli haijafika mwaka wa 1899.

Ulimwengu tunao, daftari tatu zimejaa. Kanuni ndizo zimetugawanya. Mifumo iliyo mezani ni hii: Dungeons & Dragons toleo la tano, kwa ile hati yake ya msingi iliyo huru, yaani kanuni zilizoachiwa watu wazitumie; familia ya Apocalypse World, yaani michezo iliyojengwa juu ya wazo la mchezo huo, inayotumia dadu mbili za kawaida za pande sita; Basic Roleplaying ya asilimia; na Cairn, kile kitabu chembamba. Miwili ya mwanzo tumeicheza, miwili ya mwisho tumeisoma tu.

Niwaeleze lililotokea Jumamosi iliyopita. Stima zilipotea saa mbili usiku. Tukawasha mshumaa, tukawa tunarushia dadu kwenye kifuniko cha sufuria zisitupotee gizani. Makanga wa mchezo, tunamwita Chepe, alikuwa amening'inia mlangoni pa gari kwenye daraja karibu na Gikomba, akimsihi mwenye mto apokee nauli pungufu. Tulianza na dadu ya pande 20. Alihitaji kufika 12, ana nyongeza ya 3, dadu ikatoa 5. Jumla 8, ameshindwa. Mwenye mto akakataa, basi. Anayefuata akajaribu, akashindwa, na wa tatu akajaribu. Hadithi ikageuka foleni.

Tukarudia tukio lile lile kwa dadu mbili za kawaida. Zikatoa 5 na 3, yaani 8. Kwa kanuni za familia ile, 10 kwenda juu umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu ila kuna gharama, 6 kushuka msimulizi anayageuza mambo. Mwenye mto akakubali nauli pungufu, lakini akadai aongezwe jina la mama yake Chepe. Dada anayemcheza Chepe alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Akilichukua, mimi nitamwitaje mama?" Mshumaa ulikuwa umebaki kipande kidogo na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Mimi moyo wangu umeshaegemea huko. Lakini wawili mezani wanapenda sana toleo la tano na sitaki kuwapoteza. Nishaurini.

Fundi_wa_Kete

Kaka, hesabu iko upande wako. Ukirusha dadu mbili bila nyongeza, njia ziko 36. Kufaulu kabisa ni njia 6, kufaulu kwa gharama ni 15, kugeuziwa mambo ni 15. Ukiwa na nyongeza ya 1, zinakuwa 10, 16 na 10. Kwa hiyo hapo jibu linalotokea mara nyingi kuliko yote ni lile la "ndiyo, lakini", na ulimwengu wenu wote umejengwa juu ya neno hilo. Nauli ni nini kama si "ndiyo, lakini"? Kwa dadu ya pande 20 kila upande una asilimia 5 sawasawa, 1 inatokea kama 11 inavyotokea. Inafaa pale unapotaka msisimko wa bahati. Mapatano na mizimu yanataka kitu kingine.

Halafu kuna suala la vifaa, nalo si dogo. Seti ya dadu za pande nyingi hapa mjini si kitu unachokikuta kila duka, na ukiipata unaifunga kwenye kitambaa kama dhahabu. Dadu za ludo ziko kila mtaa. Mnataka watu wengine wacheze ulimwengu wenu? Basi wape mchezo ambao mtoto wa Kayole anaweza kuuanza leo jioni kwa ludo ya dada yake.

NyarZiwa

Naomba niingilie hapa, kwa sababu kuna jambo ambalo halijasemwa na linaniuma.

Mwaka jana nilikuwa kwenye kikundi kingine, pia hapa Nairobi, kilichokuwa kikijenga ulimwengu wa nyumbani juu ya toleo la tano. Katika kanuni zile za 2014, asili ya mhusika ndiyo inayomwongezea nguvu: mbilikimo anapata hiki, "elf" (kiumbe wa hadithi za Ulaya) anapata kile. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akachukua jedwali lile akafuta mbilikimo na "elf", akaweka makabila yetu. Hawa nyongeza ya 2 kwa akili. Hawa nyongeza ya 2 kwa nguvu. Hawa kwa ujanja wa biashara. Alilichapisha, akaligawa mezani. Mimi niliipata nakala yangu, nikaangalia mstari wa watu wangu, nikaangalia mstari wa rafiki yangu aliyeketi kando, na sote wawili tukashindwa kutazamana. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka tisa. Nilijifunza nikiwa mdogo maana ya mtu kukuuliza jina lako la pili kabla ya kukuuliza unakwenda wapi.

Simlaumu yule mwenzetu. Jedwali lilikuwa na nafasi tupu, naye akaijaza. Ndiyo maana nasema, unapochagua mfumo, tazama kwanza nafasi tupu zake zinakuomba ujaze nini. Kweli, toleo la 2024 limehamishia nyongeza hizo kwenye historia ya mhusika, yaani kazi na maisha aliyotoka nayo, na hilo nalisifu. Kwa hiyo mkibaki na toleo la tano, anzieni huko. Fundi wa jua kali Kamukunji, mama mboga, soja wa usiku, mwanafunzi aliyekosa karo, mhubiri wa kwenye basi. Hao wana ujuzi walioupata kwa jasho, na unaweza kuuandikia namba bila kumdhalilisha mtu.

Mzee_wa_Asilimia

Binti yangu, umesema vizuri na nimekusoma mara mbili.

Mimi nautetea mfumo wa asilimia, maana naona umepitwa haraka. Basic Roleplaying imetoka kwa kampuni ya Chaosium, mizizi yake ni mchezo wa RuneQuest wa 1978. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji kuelezwa. Nilimpa shemeji yangu karatasi ya mhusika imeandikwa "Kupatana bei 65, Kuendesha gari 40, Kutambua uongo 70". Hajawahi kuona mchezo wa aina hii maishani. Akasoma, akaelewa, akaniuliza tu, "Nikirusha nikapata 65 au chini yake nimeweza?" Ndiyo. Basi tukaanza. Tena ujuzi ukitumika vizuri, baada ya mchezo unapata nafasi ya kupanda. Makanga anakuwa makanga bora kwa kufanya kazi ya umakanga, si kwa kuua majini.

Nakiri udhaifu wake: msimulizi mvivu ataishia kwenye foleni ile ile aliyoieleza Makanga. Kufaulu na kushindwa, basi. Na dadu mbili za pande 10 zina shida ile ile ya madukani.

Sheria_na_Dadu

Niseme la leseni kwa sababu mko saba na mnataka wengine waongeze vyao. Ninasoma sheria mwaka wa tatu, na haya nimeyafuatilia kwa makini.

Toleo la tano: leseni ya wazi iitwayo OGL, ya mwaka 2000, ndiyo iliyobeba kazi za mashabiki kwa zaidi ya miaka 20. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyobana, watu wakaikataa kwa nguvu, na tarehe 27 mwezi huo huo wenye mchezo, kampuni ya Wizards of the Coast, wakaiweka hati ya msingi, toleo 5.1, chini ya leseni huria ya Creative Commons, ile ya kutaja chanzo. Leseni hiyo ikishatolewa hairudishwi. Mnaweza kuitumia hata kuuza, mradi mtaje ilikotoka. Cairn iko chini ya Creative Commons pia, lakini ile inayotaka kazi utakayoijenga juu yake nayo uiachie kwa masharti yale yale. Basic Roleplaying iko chini ya leseni nyingine ya wazi, ORC, tangu 2023: kanuni mnazoongeza zinakuwa za wote, lakini hadithi, majina na wahusika vinabaki vyenu. Kwa kundi kama lenu hiyo ni busara sana. Familia ya Apocalypse World haina hati moja. Watunzi wake, Vincent na Meguey Baker, wameruhusu watu wajenge juu ya wazo lao bila leseni, mradi wasinakili maneno yao.

Lakini kabla ya haya yote: nyinyi saba mmeandikiana? Daftari tatu ni za nani? Andikeni ukurasa mmoja, kila mtu atie sahihi, kwamba alichochangia kinaweza kutumiwa na wenzake hata akihamia Mombasa.

Makanga_wa_Usiku

Nawashukuru nyote. Nimewasomea wenzangu kwenye simu, na sasa mambo yamesonga.

Tunachukua dadu mbili. Wahusika wanatengenezwa kwa kazi, na nimefungua daftari la pili nikakuta ukurasa wetu wenyewe wa "koo na vipaji vyake". NyarZiwa, tulikuwa njiani kuelekea kule kule. Tumeuchana pamoja. Karatasi ya sahihi tunaandika Jumamosi. Mzee, ile ya kupanda ujuzi kwa kuutumia tunaichukua na shikamoo juu.

Na wale wapenzi wawili wa toleo la tano wamekuja na wazo ambalo nadhani ndilo bora kuliko yote. Wamesema wanachokipenda kule ni kuwa na kitu cha kuhesabu na kulinda. Katika Cairn mhusika ana nafasi 10 za mzigo, ukizijaza umelemewa. Wao wamechora gari letu kwenye karatasi, viti 14, na kila kiti ni kisanduku. Abiria hai analipa nauli. Aliyetangulia halipi, ila anajua njia. Gharama mnayoshindwa kulipa inakaa kwenye kiti mpaka muishushe. Viti vyote vikijaa, gari haliendi.

Sasa ninachohitaji ni gharama zenyewe. Ya jina la mama imeshatumika. Nataka kumi za mto Mathare kabla ya Ijumaa. Anayeweza aandike hapa.

Fundi_wa_Kete

Ya kwanza hii. Mwenye mto anachukua honi yenu. Kuanzia usiku huo dere akiipiga, walio hai hawaisikii, ila waliotangulia wote wa kando ya barabara wanasimama na kunyoosha mkono.

NyarZiwa

Ya pili. Anachukua chenji ya abiria mmoja aliyeshuka bila kudai. Abiria huyo ni mtoto aliyekuwa ametumwa maziwa. Kila mkipita steji yake, bado amesimama pale na chupa tupu, anasubiri mrudi.