Nataka kwenda kikao cha AA ila naogopa, ukifika pale inakuwaje?

kimya_kimya:
Wakuu habari zenu. Pombe imeshanishinda, sina haja ya kuzunguka. Nikiamka cha kwanza nawaza ile iliyobaki jana iko wapi, na nikichelewa kuipata mikono inatetemeka mpaka nashindwa kusaini karatasi mbele za watu. Nimeona mtandaoni kuna kikundi cha AA (Alcoholics Anonymous, watu wenye shida ya pombe wanaokutana kusaidiana kuacha) karibu na ninapokaa, ila siku nyingine wameandika kikao cha wazi na siku nyingine kikao cha kufungwa, sijaelewa. Kuna kujiandikisha? Kuna kiingilio? Na kubwa kuliko yote, ni lazima nisimame nitaje jina langu niseme mimi ni mlevi? Hapo ndo miguu inaniisha nguvu kabisa. Mke wangu anasema vikao vya nini, niache tu kuanzia kesho basi.

bado_nipo:
Karibu mkuu. Cha wazi anaingia yeyote, hata ndugu yako au mtu anayetaka tu kujua, cha kufungwa ni kwa wenye shida ya pombe wanaotaka kuacha, na wewe unaingia vyote viwili. Hakuna fomu wala kiingilio, sharti ni moja tu uwe unataka kuacha. Kuna kikapu kinapitishwa cha kuchangia ukumbi, mgeni hategemewi kutoa kitu, mpitishie jirani yako maisha yaendelee.

Kuhusu kusema, sio lazima. Zamu ikikufikia unasema "leo nasikiliza tu" na inaenda kwa mwingine, hakuna atakayekukazia macho. Jina ni la kwanza tu na hata hilo ukiamua kutumia lingine nani atajua. Halafu mtu akiongea hakatizwi wala hapewi ushauri, hicho ndo kilinishangaza zaidi maana nilizoea nikifungua mdomo kuhusu pombe napewa mahubiri. Fika mapema kidogo, ukichelewa ndo kila mtu anageuka mlangoni. Mwishoni watu watakupa namba zao, chukua hata kama unajua hutapiga, siku ya siku utapiga. Na kikundi kimoja kisipokukaa jaribu kingine kabla hujasema AA haifai, kuna vingine wanasoma tu mwanzo mwisho na kuna vingine watu wanacheka mpaka unajiuliza umekosea chumba.

nesi_wa_zamu:
Samahani naingilia ila hiyo ya kutetemeka mikono mmeiruka. Kaka, usikate pombe ghafla peke yako nyumbani. Ubongo uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unachachamaa, mtu anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo na wengine kuanzia siku ya 2 mpaka ya 4 wanachanganyikiwa, wanaona vitu ambavyo havipo, joto linapanda, na hiyo inaua kweli. Shemeji ana nia njema lakini hili mwambie. Anza kwa daktari, mtajie kiasi unachokunywa kilivyo bila kupunguza maana dozi inategemea hapo, kuna dawa za kukushusha taratibu pamoja na vitamini B1. Baadaye muulize pia kuhusu dawa za naltrexone au acamprosate, zinasaidia kupunguza ile hamu ya kunywa. Kikao hakikimbii, na kikundi hakitoi dawa.

asiye_na_dini:
Mimi AA sikuiweza kwa sababu ya zile hatua 12 wanazofuata za kuacha pombe, Mungu yumo mara kibao, wanakwambia ni Mungu kadiri unavyomwelewa wewe lakini bado nilikuwa nakaa pale kama mkwe. Nikahamia SMART Recovery, vikundi vingine vya kuacha pombe visivyo vya dini, wapo tangu 1994, kule ni mazoezi ya namna ya kuikabili hamu ikija na namna ya kupanga maisha, na vikao vya mtandaoni vipo unaweza kuzima kamera. Ila haki itendeke, mwaka 2020 Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya elfu 10 wakakuta AA na tiba zinazompeleka mtu AA zinasaidia watu kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine walizolinganisha nazo. Kwa hiyo usiikatae kwa maneno yangu mimi, nenda ukaone.

mama_wa_wawili:
Na huyo mke naye asiachwe hivihivi jamani. Kuna Al-Anon, ni ya ndugu na wenza wa wanywaji, ipo tangu 1951. Mimi nilikwenda nikitegemea kufundishwa namna ya kumbana mume wangu, kumbe hawagusi kabisa hayo, wanaongea habari zako wewe uliyekaa ukihesabu chupa usiku. Nilikasirika kwa kweli. Lakini nimeacha kunusa vikombe.

kimya_kimya:
Asanteni sana, dada nesi nimekuelewa kesho naenda kwa daktari na mke wangu kakubali tuongozane. Moja la mwisho, ikitokea siku ya kikao nimeshaonja kidogo nisiende?

bado_nipo:
Nenda hivyohivyo ila usiendeshe gari. Vikundi vingi wanaomba tu kwamba aliyekunywa siku hiyo asikilize bila kuongea, na wewe si ndo ulichokuwa unatafuta.