Mjadala: Mawaziri wachaguliwe na Bunge, mmoja mmoja, kwa kura ya siri?

Wakuu, salaam kutoka Rock City, yaani Mwanza. Naweka hoja mezani na nitasimama nayo: Bunge lipewe kazi ya kuchagua mawaziri, mmoja baada ya mwingine, kwa kura ya siri, na mbunge akishachaguliwa kuwa waziri aache ubunge.

Ilivyo sasa, ibara ya 55 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa Rais kuteua mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Bunge linamthibitisha Waziri Mkuu tu. Wengine tunawasikia kwenye taarifa ya habari, kesho yake wanaapishwa, basi.

Nenda mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, magunia ya dagaa yakiwa yanapakiwa, ukawasikilize akina mama wanaolangua. Wanalalamikia tozo na bei ya nyavu. Mbunge akipita jibu ni lile lile: "Nitalifikisha kwa Mheshimiwa Waziri." Kwa nini alifikishe kama mwombaji, wakati kazi yake ni kumbana huyo Waziri? Kwa sababu naye anasubiri simu ya uteuzi. Mwaka 2018 Operesheni Sangara, ile ya serikali ya kupambana na uvuvi haramu, ilipita Ziwa Victoria, nyavu zikachomwa moto, watu wakabaki na madeni. Waliopaswa kuisimamia serikali na waliokuwa serikalini wanakaa kambi moja, wengine jirani kwenye viti. Hapo nani amkabe nani?

Sasa tazameni Uswisi. Serikali yao ni watu saba tu, tangu katiba ya 1848. Kila baada ya miaka minne, mwezi Desemba, mabaraza mawili ya Bunge yanakaa pamoja mjini Bern: wajumbe 200 wa Baraza la Taifa na 46 wa Baraza la Majimbo. Hawapigii kura orodha. Wanakwenda kiti kwa kiti, wakianza na aliyekaa serikalini muda mrefu kuliko wenzake. Kura ni ya siri, na mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali. Duru mbili za kwanza unaweza kuandika jina la yeyote mwenye sifa, hata kama hakupendekezwa na chama. Kuanzia ya tatu jina jipya halikubaliwi, na wa mwisho anaondolewa. Aliyechaguliwa akiwa mbunge anaacha kiti chake. Urais wa nchi unazunguka miongoni mwa hao saba, mwaka mmoja mmoja.

Msidhani ni mchezo wa kuigiza. Desemba 2007 Christoph Blocher, mmoja wa hao saba na kigogo wa SVP, chama cha mrengo wa kulia kilichokuwa kikubwa kuliko vyote bungeni, aliangushwa kwa kura 125 dhidi ya 115. Aliyemwangusha, Eveline Widmer-Schlumpf, alikuwa wa chama hicho hicho na hakuwa ameomba. Aliomba siku moja ya kutafakari, kesho yake akakubali. Kura ya wazi isingefanya hivyo.

Karibuni.

Mdau wa Nyegezi: Mkuu, umesahau uko nchi gani. Waziri Mkuu mbona anapigiwa kura? Mwaka 2015 Kassim Majaliwa alipata kura 258 kati ya 351. Mwaka 2020, upinzani ukiwa umebaki kiduchu bungeni, alipata zote 350. Bunge la chama kimoja litagonga muhuri mara moja au mara ishirini, tofauti iko wapi? Halafu huko Uswisi usiku wa kuamkia kura wabunge wanajazana Hotel Bellevue kupanga dili. Nao wana wenyewe.

Mama wa Buhongwa: Mimi naangalia jimbo. Mbunge wetu akiwa waziri, barabara inakumbukwa. Mkimtoa ubunge, mtu wa Dodoma atajuaje mvua ikinyesha huku tunapita wapi?

Kijana wa Igoma: Kwa nini tusiwachague wenyewe moja kwa moja? Wabunge wananunulika, wananchi milioni kadhaa huwanunui.

Mleta mada: Nianze na mama yangu wa Buhongwa, maana hoja yake ndiyo inayotuumiza. Shikamoo mama. Barabara inayokuja kwa sababu mbunge ni waziri imechukuliwa jimbo ambalo mbunge wake si waziri. Majimbo ni mengi, mawaziri wachache. Wengi wetu tuko upande wa wanaonyang'anywa, ila tunamshangilia aliyebahatika. Ukerewe wanatakiwa wapate kivuko kizima hata kama mtu wao hayumo kwenye baraza.

Kijana wa Igoma, Waswisi wameulizwa swali lako hilo mara tatu: 1900, 1942 na Juni 2013. Mara zote walikataa, na 2013 waliokataa walikuwa zaidi ya asilimia 76. Waziri anayesaka kura nchi nzima anahitaji pesa ya kampeni nchi nzima, na anayempa hiyo pesa ndiye atakayemtumikia.

Mdau wa Nyegezi, kuhusu dili za hotelini sibishi, zipo. Kuhusu muhuri, takwimu zako zinanisaidia mimi. Hiyo 350 ilikuwa ndiyo au hapana kwa jina moja lililoletwa. Mimi nasema majina yawe zaidi ya moja. Mbunge wa chama tawala anayeogopa kusema hapana kwa Rais haogopi kumpendelea mwenzake wa chama hicho hicho anayejua mambo ya samaki na nyavu kuliko mwingine. Blocher hakuangushwa na wapinzani peke yao.

Na kama mnaona Uswisi ni mbali, Kenya ni jirani. Katiba yao ya 2010 inakataza waziri kuwa mbunge, na Bunge la Taifa linamhoji kila mteule kabla ya kuapa. Agosti 2024 lilimkataa Stella Soipan Lang'at aliyeteuliwa Wizara ya Jinsia. Kwetu rasimu ya Katiba mpya ya tume ya Jaji Warioba ilishasema mawaziri wasiwe wabunge na wathibitishwe na Bunge. Tuanzie hapo: kila mteule ahojiwe hadharani, matangazo yarushwe mubashara, na wa Uvuvi aulizwe maswali ya Kirumba. Anayepinga hatua hiyo ya kwanza aniambie sababu, nipo.